Rangi Mbili za X: Historia Fupi ya Hifadhi ya Barabara

Kila mwaka, ninapoanza kufundisha historia ya dola na ardhi, huwauliza wanafunzi swali moja: barabara inaishia wapi? Wengi hutaja ukingo wa lami. Wachache hutaja mtaro. Anayejibu kwa tarakimu, na nusu mita ikiwamo, aghalabu ni yule aliyekulia Kimara au Mbezi, kwa kuwa tarakimu hiyo iliingia nyumbani kwao pamoja na rangi.

Kisheria, barabara haiishii kwenye lami. Pande zake zote mbili kuna ukanda uitwao hifadhi ya barabara, ambamo hakuna mtu wala taasisi inayoruhusiwa kujenga, kuchimba, kulaza bomba au kusimika nguzo pasipo kibali cha mamlaka ya barabara. Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 iliupanua ukanda huo kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipozaliwa rangi mbili. Nyumba iliyo ndani ya mita 22.5 hutiwa X nyekundu: mwenyewe ni mvamizi, abomoe bila fidia. Iliyo kati ya mita 22.5 na 30 hutiwa X ya kijani: hapa sheria ndiyo iliyomfuata mwananchi, hivyo atalipwa eneo litakapohitajika. Nakiri kwamba mgawanyo huu una busara yake. Unauliza swali sahihi: nani alitangulia?

Shida ni jinsi jibu linavyopatikana. Mwaka 2017, nyumba za Barabara ya Morogoro zilipobomolewa kuanzia Kimara ili barabara ipanuliwe kuwa ya njia nane, kipimo kilichotumika hakikuwa 22.5 wala 30. Kilikuwa mita 121.5 kila upande, na serikali ilirejea sheria ya barabara ya mwaka 1932. Tazama tarakimu zenyewe: mita 22.5 ni karibu futi 75, na mita 121.5 ni karibu futi 400. Kwa maoni yangu, hizi ni futi za mhandisi wa Kiingereza zilizovalishwa mita, na alipozipima sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa pori na mashamba.

Mhandisi huyo alitoka katika nchi iliyokuwa na uzoefu mrefu wa jambo hili. Kampuni za gesi zilipoanza kuifumua mitaa ya London mwanzoni mwa karne ya 19, Bunge lao lililazimika kuziwekea masharti. Sheria ya kazi za gesi ya 1847 ilizitaka zitoe taarifa ya siku 3 kwa wasimamizi wa mtaa kabla ya kuchimba, isipokuwa kwa dharura. Zichimbe chini ya uangalizi wao. Ziweke uzio kuzunguka shimo, na taa usiku. Zirudishe mtaa ulivyokuwa, kisha ziutunze kwa miezi 3, na hata hadi miezi 12 iwapo udongo ungeendelea kutitia. Kibali, kwa asili yake hiyo, kilikuwa chombo cha kumfunga mwenye nguvu: kampuni yenye bomba na mtaji iwajibike kwa mpita njia. Wanaharakati wanaoona kila kibali kuwa kero ya urasimu wangefaa kuikumbuka historia hiyo.

Kwetu, historia ya hifadhi ilipita njia nyingine. Mpaka ulibaki katika maandishi ya serikali huku serikali yenyewe ikiwasogeza watu barabarani. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mwananchi wa vijijini awe anaishi kijijini. Katika Operesheni Vijiji, familia nyingi ziliamriwa zihamie kandokando ya barabara, ambako huduma zingewafikia kwa urahisi. Baadaye miji ikapanuka kuzifuata barabara hizohizo. Wakaja wa umeme na nguzo, wa maji na mita, halmashauri na kodi. Kila mmoja wao, aliponyoosha waya au kulaza bomba mbele ya nyumba, alikuwa akimwambia mwenye nyumba kimyakimya kwamba anatambulika. Mwananchi mwenye bili ya umeme mkononi ana haki gani ya kudhani kwamba amevamia?

Na si yeye peke yake aliyedhani hivyo. Novemba 2017, kwa ajili ya makutano ya Ubungo, X ilipakwa kwenye jengo la makao makuu ya TANESCO na kwenye majengo ya Wizara ya Maji, na Rais Magufuli akaagiza sehemu zilizo ndani ya hifadhi zibomolewe. Watu wengi walishangilia kwamba sheria ni msumeno. Mimi nilijiuliza jambo lingine: ikiwa wizara, yenye wanasheria na wapimaji wake, haikuujua mpaka au haikuujali, fundi cherehani wa Kimara angeujulia wapi?

Leo barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, na za mijini na vijijini chini ya TARURA, iliyoanza 2017. Vibali hutolewa, ada hulipwa. Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo: bikoni zionekane, ramani ya hifadhi ibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, na kila shimo liwe na bango linalosema nani amepewa kibali, hadi tarehe gani, na nani atalifukia.

Mwaka jana niliwatuma wanafunzi wanne kwenye ofisi moja ya mtaa, kando ya barabara kuu, wakaombe kuiona ramani hiyo. Mtendaji aliwapokea vizuri, akawapa viti. Ramani, alisema, hana. Lakini nyumba zilizotiwa X anazikumbuka zote, na angeweza kuwatembeza.