Tiara na Elimu ya Upepo

Kaskazi inapovuma, baina ya Disemba na Machi, upepo ule ule uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi katika bandari za Lamu, Mombasa na Unguja huwaletea watoto wa mwambao kazi yao, kwani nao wana chombo chao cha kuendeshwa kwa upepo, kisichotaka nahodha wala baharia, na ambacho shehena yake yote ni mkia wa matambara. Chombo hicho ni tiara. Wako wanaokiita kishada, na wazee walikijua vilevile kwa jina la burutangi. Lakini mimi nimelelewa kwa jina la tiara, na kwa jina hilo nitakitaja, maadamu limebeba ndani yake habari njema: ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kirukacho, na eropleni ilipodhihiri ulimwenguni Waarabu wengi waliipa jina lilo hilo, kana kwamba walitambua mara moja kuwa cha karatasi na cha chuma ni ndugu, na kwamba cha karatasi ndicho mkubwa.

Nimesikia mara nyingi tiara ikihesabiwa katika upuuzi wa utoto, shughuli ya mtoto aliyekosa wa kumtuma dukani. Kwa kadiri nilivyoisoma tarikhi yake nimeona kinyume cha hayo: sehemu kubwa ya elimu ya upepo na ya anga, ambayo leo hufundishwa kwa chaki na ubao, ilikuwa kwanza mikononi mwa watoto majumbani, na wanazuoni wakaja kuiazima kwao.

Tazama jinsi inavyoundwa. Mtoto huketi barazani na chelewa mbili alizozichopoa katika ufagio wa nyumba, aghalabu bila ya idhini ya mwenye ufagio, akazikwangua kwa kisu mpaka zikawa laini, kisha akaijaribu kila moja juu ya ncha ya kidole chake: ikilalia upande mmoja, upande huo hukwanguliwa tena, mpaka chelewa itulie sawasawa kama mti wa mizani. Huzifunga msalaba kwa uzi, akazungusha uzi mwingine penye ncha zake nne ili kiunzi kipate ukingo, akatandaza gazeti kuukuu na kulikata kwa kuacha upana wa kidole wa kukunjia, akapaka uji mzito wa unga wa muhogo uliopoa, na kuiweka kazi yake kivulini, kwa kuwa juani karatasi hujikunja. Baada ya hapo huja hatamu, yaani nyuzi zilizofungwa kifuani mwa tiara zikakutana katika fundo moja, nalo fundo hilo ndilo siri ya kazi nzima. Likishushwa mno, tiara huukabili upepo kifua wazi, ikavuta kwa nguvu lakini isipande. Likipandishwa mno, huulalia upepo hata ikakosa wa kuiinua, ikaporomoka. Baina ya hali hizi mbili pana nafasi isiyozidi upana wa kidole, na mtoto huitafuta nafasi hiyo asubuhi nzima, akifungua na kufunga, bila ya kuambiwa na mtu kwamba anasoma.

Babu yangu alikuwa fundi wa kushona matanga, na kibaraza chake kilielekea uwanja tuliokuwa tukichezea. Hakupata kunieleza habari za upepo kwa maneno marefu. Tiara yangu ilipokuwa ikizunguka kama pia, alikuwa akisema bila ya kuinua macho katika tanga lililokuwa mapajani mwake, "Mkia, mjukuu wangu. Ongeza shibiri." Niliongeza shibiri ya tambara la kanga, tiara ikatulia, nami nikadhani babu ana elimu ya siri; kumbe alikuwa akiusikiliza mlio wa karatasi tu, kama alivyozoea kuusikiliza mlio wa tanga. Nilikuja kufahamu ukubwani sababu ya yale aliyonifanyisha: upepo ukigonga uso ulioinama hugeuzwa ukaelekea chini, na kwa kugeuzwa huko huusukuma uso ule juu, na uzi, unaodhaniwa kuwa ni kifungo, ndio unaoishikilia tiara ipate kuukabili upepo, kwani ukikatika tiara haiendi mbinguni, bali hupepesuka ikaanguka.

Asili ya chombo hiki ni Uchina, nchi ya hariri, mianzi na karatasi. Husimuliwa kwamba Mozi, mwanafalsafa aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitumia miaka mitatu kuunda ndege wa mti, naye akaruka siku moja tu akavunjika, habari ambayo mtoto yeyote aliyepata kurusha tiara hataona taabu kuisadiki. Katika visiwa vya Malay wavuvi waliiunda kwa majani makavu, wakaning'iniza chambo kwenye uzi wake, ili samaki afuatwe mbali na kivuli cha mtumbwi. Bara Hindi iliipenda hata ikaifanyia sikukuu, na mpaka leo, ifikapo tarehe 14 Januari, anga ya Gujarat hujaa tiara. Ulaya iliipokea baadaye sana, na kwa muda mrefu iliihesabu kuwa kichezeo.

Mwaka 1749, huko Camlachie karibu na Glasgow, Alexander Wilson, ambaye baadaye alikuwa profesa wa kwanza wa elimu ya nyota katika chuo kikuu cha mji huo, pamoja na kijana mwanafunzi wa dini, Thomas Melvill, walitaka kujua kama huko juu kuna baridi kuliko chini. Hawakuwa na puto, kwani puto la kwanza la kuchukua watu lilikuwa bado miaka 34 kuzaliwa. Waliunda tiara za karatasi za urefu wa futi 4 hadi 7, wakazirusha moja nyuma ya nyingine katika uzi mmoja, na juu yake wakafunga vipimajoto vilivyovishwa matamvua ya karatasi. Kila kimoja kilishikwa kwa utambi uliowashwa, ambao moto wake ulikwenda polepole mpaka ukakikata kifungo, kipimajoto kikashuka taratibu kwa matamvua yake hata chini, kikasomwa. Natamani ningaliwaona wanaume wale wawili wakipaka gundi usiku. Kila kitu walichokitumia, isipokuwa vile vipimajoto, kingalipatikana katika nyumba yoyote yenye watoto.

Kwa Benjamin Franklin nitakawia kidogo, kwa kuwa yeye hakuiazima tiara kwa watoto, bali hakuiacha tangu alipokuwa mtoto. Alizaliwa Boston mwaka 1706, na katika barua aliyoiandika uzeeni alisimulia kwamba siku moja, akiwa mvulana, alikuwa akirusha tiara kando ya ziwa dogo lenye upana wa kama maili moja, akataka kuoga, na hakutaka kuiacha. Aliingia majini na kijiti cha uzi mkononi, akalala chali, na tiara ikamvuta juu ya maji kama jahazi. Akamwomba mwenzake amchukulie nguo ng'ambo ya pili, naye akavuka ziwa lote bila ya kuchoka, ila alilazimika mara kwa mara kusita kidogo na kuizuia tiara, ipate kupanda tena, alipokuwa akiifuata kwa haraka mno hata ikashuka. Mtoto aliyefanya hivyo amekwisha kujua kwamba uzi huleta chini nguvu iliyoko juu. Ndiyo maana siandiki kwa mshangao kwamba mtu huyo huyo, alipotaka kujua kama radi na umeme ni kitu kimoja, aliufikiria uzi.

Maelezo yake yalichapishwa katika gazeti la Pennsylvania Gazette tarehe 19 Oktoba 1752, nayo yameandikwa kwa namna ya kumwelekeza mtu afanye mwenyewe: chukua fito mbili nyepesi za mwerezi, zifunge msalaba, tandaza leso kubwa ya hariri, kwa kuwa hariri hustahimili mvua na upepo wa tufani bila ya kuchanika, tia mkia, hatamu na uzi, na kileleni weka waya wenye ncha kali. Mwisho wa uzi, mahali unapoungana na utepe wa hariri wa kushikia, funga ufunguo, nawe usimame mlangoni au dirishani ili utepe usirowe. Wingu likipita, nyuzinyuzi za kamba husimama kama malaika ya mkono penye baridi, na ufunguo hutoa cheche. Mwaka uliofuata Georg Wilhelm Richmann, mwanachuoni wa St. Petersburg, aliuawa na radi alipokuwa akiupima umeme wa mawingu kwa ufito wa chuma. Kwa hivyo namsihi kila mzazi: wingu la radi likionekana uzi ukunjwe, na tiara isirushwe kamwe karibu na nyaya za umeme.

Katika Januari ya 1848 mhandisi Charles Ellet alitaka kujenga daraja la kuning'inia juu ya korongo la Niagara, ambapo mashua haikuweza kuvusha kamba kwa ukali wa maji, akatangaza zawadi kwa kijana atakayevusha uzi kwa tiara. Aliyefaulu ni mvulana aitwaye Homan Walsh. Mara ya kwanza barafu iliukata uzi wake. Aliitengeneza tiara, akarudia. Uzi ule ulivuta uzi mnene, ukavuta kamba, na kamba ikavuta waya.

Kisha ikaja zamu ya eropleni. Lawrence Hargrave, katika pwani ya Stanwell Park kusini ya Sydney, aliunda tiara za umbo la sanduku, na tarehe 12 Novemba 1894 nne kati ya hizo zilimwinua futi 16 kutoka ardhini. Hakutaka hati ya kujimilikisha uvumbuzi wake, akauacha uwe wa wote. Huko Cedar Rapids, Marekani, watoto wawili wa nyumba ya Wright waliletewa na baba yao, mwaka 1878, kichezeo cha mwanzi, koki na karatasi kilichoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Kilipovunjika waliunda vingine kwa mikono yao, na yule mdogo, Orville, akawa fundi wa tiara akiwauzia wenzake. Mwaka 1899 kaka yake, Wilbur, aliunda tiara ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye upana wa futi 5 na kamba nne za kuyapinda mabawa, akairusha uwandani mbele ya wavulana, ili ajue kama chombo kinaweza kugeuzwa angani. Kilichofuata tarehe 17 Disemba 1903, eropleni yao iliporuka, kinajulikana na kila mtu. Ile tiara haikumbukwi sana. Na Marconi, aliposema mwaka 1901 kwamba amesikia Newfoundland ishara zilizotumwa kutoka Uingereza bila ya waya, waya wake wa kupokelea ulikuwa umeinuliwa na tiara.

Siku hizi tiara za plastiki huuzwa madukani, zenye rangi za kupendeza na hatamu iliyofungwa tayari kiwandani, na mtoto akiipata hufurahi, nami hufurahi naye. Lakini lile fundo la hatamu, ambalo lingalimshughulisha asubuhi nzima, limekwisha kufungwa na mtu mwingine, na ikigoma kuruka hana la kuikwangua wala la kuiongezea. Gazeti moja, chelewa mbili na kikombe cha uji wa muhogo vinamtosha.

Karibu na nyumba yetu pana mnazi ulioikamata tiara ya watoto wa jirani kaskazi iliyopita. Masika yalipokuja gazeti lilirowa likadondoka vipande vipande, na mkia ukachukuliwa na kunguru. Zimebaki chelewa mbili, zingali zimefungwa msalaba kwa uzi, juu kabisa katika makuti zilikotoka, na upepo ukivuma zinageuka zikaukabili.