Taa ya pedi za breki inapowaka: namna ya kukipima na kukibadilisha kihisi

Magari mengi ya Ulaya yanayouzwa Afrika Mashariki yakiwa yamekwisha kutumika, yakiwemo ya BMW na Mercedes-Benz, yana taa ya dashibodi inayomwonya dereva kwamba pedi za breki zimelika. Taa hiyo huwashwa na kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa. Ni kipande kidogo cha plastiki chenye waya ndani yake, kilichochomekwa kwenye pedi. Kihisi hakipimi nguvu ya breki. Kinachoonesha ni hali ya waya wake tu. Kwa sababu hiyo, taa inaweza kuwaka ilhali pedi ni nzima, na inaweza kubaki imezimika ilhali pedi zimekwisha hadi chuma.

Magari mengi ya Japani, Toyota zikiwemo, hayana kihisi cha umeme. Pedi zake zina kibati cha chuma ambacho hugusa diski na kupiga mlio mkali pedi inapokaribia kwisha. Maelezo haya yanahusu magari yenye waya.

Itambue taa yenyewe

Taa ya pedi huwa na duara lenye vistari vilivyokatika-katika kila upande, na kwa kawaida ni ya njano. Taa nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara ni jambo jingine: huenda breki ya mkono haijashushwa, au mafuta ya breki yamepungua. Hata hivyo taa hizo mbili zaweza kuwa na chanzo kimoja, kwa kuwa pedi zinapolika, mafuta hushuka ndani ya chupa yake. Ikiwa taa nyekundu inabaki kuwaka baada ya breki ya mkono kushushwa, gari lisiendeshwe kabla ya kukaguliwa.

Pima pedi kabla ya waya

Hatua ya kwanza ni kuvua tairi na kuzitazama pedi kwa macho. Sehemu inayosugua diski ikibaki na unene wa takriban milimita 3, pedi zibadilishwe, taa iwe inawaka au la. Tazama pedi ya ndani na ya nje, na uvue tairi zote nne. Katika BMW za mfululizo wa 3 za aina ya E46 na E90, kwa mfano, vihisi ni viwili tu: kimoja gurudumu la mbele kushoto, kingine la nyuma kulia. Kalipa ya gurudumu jingine ikikwama, pedi zake zitakwisha bila taa kujua lolote.

Waya huhisi kwa njia mbili

Pedi zikiwa nzima na taa bado inawaka, zamu ya waya imefika. Katika BMW E46, waya ni kitanzi kilichofungwa. Diski inapoukata, taa huwaka. Chomoa plagi ya kihisi na ukipime kwa kipima-umeme kwenye kipimo cha omu. Kihisi kizima huonesha karibu na sifuri. Kilichokatika hakioneshi mkondo wowote. Kikiwa kizima, chunguza kutu ndani ya plagi na waya unaoelekea kwenye dashibodi. Baadhi ya magari ya baadaye, kama E90, yana kizuizi cha umeme ndani ya kihisi, hivyo kipimo chake hulinganishwa na cha kihisi kipya.

Mercedes-Benz nyingi za zamani hufanya kinyume: waya ukigusa diski, mkondo hukamilika na taa huwaka. Humo, ukichomoa plagi na taa ikazimika, kosa liko kwenye kihisi au waya wake unaogusa chuma. Waya uliokatika katika mfumo huu ni hatari zaidi, maana taa haitawaka kamwe.

Kubadilisha

Egesha gari mahali tambarare na uzibe magurudumu yasiyoinuliwa. Legeza nati kabla ya kuinua, kisha gari likae juu ya stendi. Usifanye kazi chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Usipulize vumbi la breki kwa upepo, kwani pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Fuata waya kutoka kwenye pedi hadi kwenye plagi na ukumbuke kila kishikizo unamopita. Mara nyingi hulazimu kufungua kalipa. Itundike kwa waya imara, isining'inie kwa mpira wa mafuta. Kihisi kilichokwisha kuguswa na diski hakirudishwi. Pedi zikibadilishwa, zibadilishwe za magurudumu yote mawili, kushoto na kulia. Magari yenye breki ya mkono ya umeme yanahitaji kwanza kuwekwa katika hali ya matengenezo kwa kompyuta ya gereji kabla pistoni za nyuma hazijarudishwa ndani.

Pitisha waya mpya palepale ulipopita wa zamani, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili kuhakikisha haugusi tairi. Kabla ya kuondoa gari, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Bila hivyo, breki ya kwanza haitashika.

Katika E46, taa huzimika baada ya swichi kuwashwa kwa takriban sekunde 30 bila kuwasha injini. Katika E90, hesabu ya pedi hurudishwa mwanzo kupitia menyu ya dashibodi, na gari hukataa iwapo kihisi bado kimekatika.

Waya usifungwe

Katika baadhi ya gereji, waya mbili huunganishwa ili taa izimike na mteja aondoke ameridhika. Kwa fundi anayepima, kuziunganisha kwa dakika chache ni njia halali ya kutafuta kosa. Zikiachwa hivyo, gari limepofushwa, na anayelinunua baadaye haambiwi. Pedi zikifika kwenye chuma, diski huharibika na gari huchelewa kusimama. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, au wa kutoka Bugarama kuelekea Bujumbura, ucheleweshaji huo waweza kugharimu maisha.

Anayenunua gari lililotumika asiridhike na dashibodi isiyo na taa. Aombe tairi zivuliwe, azione pedi, na afuate waya wa kihisi hadi mwisho wake.