Diwani na Dwane: Safari ya Neno la Sheria hadi Kasumbalesa

Mnamo mwaka 640 hivi, Khalifa Umar bin Khattab alianzisha daftari la majina ya askari na posho zao. Daftari hilo liliitwa diwani, neno lenye asili ya Kiajemi. Haukupita muda, ofisi zilizotunza hesabu za dola nazo zikaitwa hivyo.

Katika karne ya 12, wafalme Wanormani wa Sicilia walirithi ofisi hizo kutoka kwa Waarabu, na makarani wao wa Kilatini wakaandika duana. Waitalia wakasema dogana, Wafaransa douane. Maana nayo ilisinyaa: kutoka hazina nzima ya mfalme, ikabaki ushuru wa bidhaa zinazovuka mpaka.

Huko India neno lilikua badala ya kusinyaa. Chini ya Wamughal, diwani ilikuwa mamlaka ya kukusanya kodi ya ardhi. Agosti 1765, mfalme wao Shah Alam II aliikabidhi Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki mamlaka hayo katika Bengal, Bihar na Orissa. Kwa kuwa mkusanya kodi ndiye pia aliyeamua mashauri ya ardhi na madeni, gavana wa Kampuni huko Bengal, Warren Hastings, aliunda mahakama za diwani mwaka 1772. Hadi leo, huko kesi ya diwani ni kesi ya madai, si ya jinai.

Huko Uswahilini diwani akawa mtu. Watu wa Vumba na wa pwani ya Mrima walitawaliwa na madiwani; baada ya uhuru cheo hicho kikashuka hadi kwa mjumbe wa kata. (Washairi nao walikwishajichukulia fungu lao: diwani ya mashairi.)

Kiswahili kilifika Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, kwa misafara ya karne ya 19, wakati Msiri, mwenye asili ya Unyamwezi, akitawala Bunkeya. Njiani wafanyabiashara walilipa hongo kwa watemi, na hongo wakati huo ilikuwa ushuru halali. Leo Mtanzania akilitamka neno hilo mbele ya askari, anajitafutia kesi. Msiri aliuawa kwa risasi Desemba 1891, na Katanga ikawa chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umekataza ushuru wa kuingiza bidhaa katika bonde la Kongo kwa miaka 20, lakini Leopold II alihitaji fedha, na mkutano wa Brussels wa 1890 ukamruhusu kutoza hadi asilimia 10. Ndipo douane ilipopata kazi ya kutoza ushuru huo Kongo. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na vinywa vya Katanga vikaligeuza neno douane kuwa dwane.

Idara yenyewe ya forodha ya Kongo imebadilishwa majina, OFIDA mwaka 1979, kisha DGDA mwaka 2009. Wananchi wamebaki na dwane. Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwenye foleni ya malori ya shaba, dereva aliyetoka Dar es Salaam huulizia forodha, neno la Kiarabu la bandarini, naye wakala wa mizigo humwelekeza dwane. Diwani anayemjua dereva huyo ni yule aliyempigia kura kwao.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya ina sheria yake ya forodha ya mwaka 2004. Watakaoiandika kwa Kiswahili cha kusomwa Kasumbalesa wasichukue kamusi ya Dodoma peke yake. Waweke forodha na dwane katika kifungu cha tafsiri ya maneno, ili mwenye mzigo asihukumiwe kwa lugha asiyoielewa.