Mitambo ya baridi na joto: Sera zinavyoamua gharama ya mfanyabiashara

MTAMBO wa kupoza hewa hotelini, au wa chumba baridi cha kuhifadhia samaki na nyama, hudumu miaka 15 hivi, na hata zaidi ukitunzwa vyema. Sheria za kodi nchini Kenya, kwa upande mwingine, hufanyiwa marekebisho karibu kila mwaka. Tofauti hiyo ya umri baina ya chombo na sheria huwatia hasarani wafanyabiashara wengi ambao hununua vifaa kwa kutazama bei ya dukani pekee.

Sera zinazogusa vifaa hivi ni za aina tatu: mikataba ya kimataifa, kanuni za nchi na kodi. Mikataba huenda polepole na hutangaza ratiba yake miaka mingi mapema. Kanuni zaweza kufutwa. Kodi hubadilika haraka kuliko zote. Mnunuzi mwerevu huzipa uzito kwa mpangilio huo.

Ratiba ya gesi

Itifaki ya Montreal, ambayo sekretarieti yake iko Nairobi, iliafikiwa Septemba 16, 1987 kwa nia ya kulinda tabaka la ozoni linaloikinga dunia dhidi ya miale hatari ya jua. Miongoni mwa gesi inazodhibiti ni R-22, iliyotumika kwa miongo mingi katika viyoyozi na vyumba baridi.

Mataifa yanayoendelea, Kenya ikiwemo, yalitakiwa kutozidisha kiwango chao cha matumizi ya gesi za kundi hilo kuanzia 2013. Yalipaswa kukipunguza kwa asilimia 10 kufikia 2015, asilimia 35 kufikia 2020 na asilimia 67.5 kufikia 2025. Mwaka 2030 uagizaji utakoma, isipokuwa kiasi kidogo cha kukarabati mitambo ya zamani hadi 2040. Nchini, kanuni za mwaka 2007 chini ya sheria ya mazingira zinamlazimu mwagizaji wa gesi hizo kupata leseni.

Maana yake kwa mwenye hoteli Mombasa au duka la nyama Nakuru ni wazi. Mtambo uliotumika wa R-22 huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu gesi yake inaadimika. Siku itakapovuja, gharama ya kuujaza upya yaweza kumeza nafuu yote iliyopatikana siku ya kununua. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi huwa ghali.

Gesi zilizochukua nafasi ya R-22 hazidhuru ozoni, lakini nyingi zinachangia sana ongezeko la joto duniani. Kilo moja ya R-404A, inayotumika katika majokofu ya maduka makubwa, ina athari inayokadiriwa kuwa mara 3,922 ya kilo moja ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. R-410A ya viyoyozi ni mara 2,088, ilhali R-32 ni mara 675. R-290, ambayo ni propani, iko chini ya mara 5.

Kwa sababu hiyo, mataifa yalikubaliana mjini Kigali mnamo Oktoba 2016 kuzipunguza gesi hizo pia, na Kenya ikaidhinisha makubaliano hayo mwaka 2023. Kundi lililo na Kenya lilitakiwa kutozidisha kiwango chake kuanzia 2024. Litapunguza asilimia 10 kufikia 2029, asilimia 30 kufikia 2035, asilimia 50 kufikia 2040 na asilimia 80 kufikia 2045. Mtambo wa R-404A unaonunuliwa leo utazeeka wakati ambapo sehemu kubwa ya gesi za aina yake haitakuwa sokoni.

Hata hivyo, R-290 hushika moto upesi, na R-32 pia huweza kuwaka. Hazifai kutiwa katika mtambo ambao haukuundiwa gesi hizo, na fundi asiyepata mafunzo hapaswi kuzigusa.

Kanuni zilizofutwa

Upande wa joto una funzo tofauti. Kanuni za mwaka 2012 ziliwataka wenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, zikiwemo hoteli na hospitali, wapate angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa miale ya jua. Majengo yaliyokuwepo yalipewa miaka 5 kutekeleza. Mwaka 2018 kanuni hizo zilifutwa.

Aliyeweka mitambo inayolingana na mahitaji yake hakupoteza, kwani jua halileti bili. Aliyeinunua kwa kuhofia wakaguzi tu, bila kupima maji anayotumia, alibaki na vifaa visivyomfaa wala kudaiwa na sheria.

Kodi isiyotulia

Gesi ya kupikia inaonyesha jinsi kodi inavyoyumba. Iliondolewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) mwaka 2016, ikatozwa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa tena mwaka 2023. Biashara iliyosajiliwa kwa VAT huweza kudai kodi iliyolipa. Shule na hospitali, ambazo huduma zake hazitozwi kodi hiyo, hubeba mzigo wenyewe.

Kabla ya kununua

Soma jina la gesi kwenye kibao cha mtambo na ulilinganishe na ratiba zilizotajwa hapo juu. Tazama idadi ya nyota katika lebo ya matumizi ya umeme, iliyowekwa na kanuni za mwaka 2016; nyota 5 ndizo bora zaidi. Hakikisha yupo fundi wa karibu aliyehitimu kuihudumia gesi hiyo.

Hatimaye, piga hesabu mara mbili: moja ukizingatia nafuu ya kodi iliyopo na nyingine bila nafuu hiyo. Ikiwa mradi unaleta faida kwa hesabu ya kwanza tu, basi mtaji wako unategemea kura ya wabunge katika Mswada wa Fedha ujao.