Avicenna ni nani? Majina ya wanachuoni wetu yalivyoharibiwa



Ndugu wazazi na wanafunzi, mtoto anaposoma historia ya tiba hukutana na jina Avicenna. Huelezwa kuwa vitabu vyake vilisomeshwa vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne nyingi, naye hudhani ni Mtaliano. Kumbe ni Abu Ali ibn Sina, Mwislamu aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037.

Jina liligeukaje? Katika karne ya 12, vitabu vya Kiarabu vilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo, Hispania. Gerard wa Cremona ndiye aliyetafsiri Al-Qanun fi at-Tibb cha Ibn Sina. Katika ndimi za huko "ibn", yaani mwana wa, ikawa "aven", na Ibn Sina akawa Avicenna. Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198) akawa Averroes, Ar-Razi akawa Rhazes, na Ibn al-Haytham akawa Alhazen. Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, aliandikwa Algorizmi, na kutokana na jina hilo ndipo lilipozaliwa neno algorithimu linalotumika leo katika kompyuta. Wangapi wanaolitamka wanajua kuwa ni jina la Mwislamu?

Tuwe waadilifu. Wafasiri wale waliifikisha elimu mbali, na kila ulimi una mipaka yake. Hata sisi Umar tunamwita Omari, na Hasan tunamwita Hasani. Lakini Omari bado anatambulika. Avicenna hatambuliki, na hapo ndipo penye uchungu: elimu imebaki, mwenyewe amepotea.

Na sisi je? Kijana anaitwa Abdulrahman, mja wa Mwingi wa Rehema. Kwenye daftari la shule anaandikwa "Abdul", mahali pengine "Abdu Rahman", na kwenye pasipoti "Abdirahmani". "Abdul" peke yake ni "mja wa...", bila kusema mja wa nani! Jina la Allah ndilo lililokatwa. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa majina yanayopendeza zaidi kwa Allah ni Abdullah na Abdurrahman.

Hasara yake ni ya dunia pia. Cheti cha kuzaliwa kikitofautiana na cha mtihani au pasipoti, safari ya masomo au ya Hijja inaweza kukwama kwa herufi moja tu.

Basi wazazi, chagueni tahajia moja kabla ya kumwandikisha mtoto, muiandike kwenye karatasi, mumkabidhi karani, na msome cheti kabla hamjaondoka dirishani. Nanyi wanafunzi, mkikuta Avicenna kitabuni, andikeni pembeni kwa penseli: Ibn Sina. Tusipowaita wanachuoni wetu kwa majina yao, nani atawaita?

Wabillahi tawfiq.