Paa lililokuwa kisima

Wageni wa Fort Jesus, Mombasa, hutazama mizinga na kuta nene. Ni wachache wanaosimama mbele ya birika ambalo Wareno walijenga ndani ya ngome hiyo ili kukinga maji ya mvua. Ngome ilianza kujengwa 1593. Waomani walipoizingira, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, maji ya kunywa ndani ya kuta yalikuwa suala la uhai. Waomani wenyewe, baada ya kuiteka, walichimba kisima humo humo. Maji yakatoka ya chumvi, yakafaa kuoshea tu. Ya kunywa yaliendelea kutegemewa kutoka juu.

Sababu iko ardhini. Sehemu kubwa ya pwani yetu ni jiwe la matumbawe, lenye vitundu vingi. Mvua hupenya upesi, kisha maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa pupa, chumvi hupanda. Visima vya kina kifupi vilikuwepo tangu zamani. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa 1331, aliviona kwenye milango ya misikiti, watu wakiteka maji ya kutawadha kwa kata. Lakini si kila kisiwa kilijaliwa visima vya maji matamu.

Ndipo visiwa vya Lamu vikajenga jabia. Ni uwanja uliosakafiwa na kuinamishwa kidogo, ukaelekeza mvua kwenye tangi lililochimbwa ardhini na kufunikwa. Mpaka leo wapo watu wa Kiwayu na Kizingitini wanaotegemea jabia wakati wa ukame. Tangi ni la wengi, hivyo na usafi wake ni kazi ya wengi: uwanja hufagiwa kabla ya masika kuanza.

Bomba ndilo lililotusahaulisha kukinga mvua. Katika miaka ya 1950 maji ya chemchemi za Mzima, huko Tsavo, yalisafirishwa zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Mlizamu wa paa ukabaki wa kutupa maji, si wa kuyakusanya. Matokeo tunayajua: kiangazi tunanunua maji kwa mtungi, na mvua ikinyesha kwa nguvu, kama vuli ya 2023, barabara za Mombasa huwa mito.

Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 hushusha lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ghala la mita za mraba 2,000 hushusha lita 20,000 kwa mvua hiyo hiyo. Maji hayo yasipokingwa, jirani wa bondeni huyapokea sebuleni.

Tahadhari hazijabadilika. Mwaga maji ya mvua ya kwanza, maana yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Funika tangi, mbu wasizaliane. Na kiwandani, maji ya paa yasichanganywe na ya uwanja wenye mafuta.

Kabla ya masika ijayo, panda ngazi ukatazame mlizamu wako unamwaga wapi.