Kinanda cha Moog na Wanakili Wake

Mwaka 1970, katika kijiji cha Trumansburg, jimbo la New York nchini Marekani, kampuni ya Robert Moog ilikamilisha kinanda cha umeme kilichoitwa Minimoog. Kabla yake, sinthesaiza zilikuwa makabati mazito yaliyoungwa kwa nyaya nyingi, na wenye kuyamudu walikuwa wachache. Minimoog ilibebeka, ikapanda jukwaani. Ndani yake mlikuwa na vyanzo vitatu vya sauti, na chujio lenye transista zilizopangwa jozi juu ya jozi, mithili ya vidato vya ngazi. Hadi uundaji wake ulipokoma mwaka 1981, zilikwisha kutoka zaidi ya 12,000.

Haikuwa mashine isiyo na ila. Joto lilipobadilika, sauti iliteleza, hasa katika zile za mwanzo. Mpigaji aliiwasha, akaingoja ipate moto, akaisawazisha, na pengine ikamponyoka katikati ya wimbo. Aidha, hesabu za saketi zilikosewa, chujio likawa linapokea nguvu kupita ilivyokusudiwa. Sauti ikanenepa na kukwaruza kidogo. Wapigaji wakaipenda, na kosa likaachwa lilivyo.

Mashine zilipoadimika na bei kupanda, wakaja wanakili wa zama za kompyuta. Kampuni ya Arturia ya Grenoble, Ufaransa, ilitoa Modular V mwaka 2003, Moog mwenyewe akishirikiana nayo, kisha ikaigeukia Minimoog. Kutoka Berlin, kampuni ya u-he ilitoa Diva mwaka 2011, na Native Instruments ikatoa Monark mwaka 2013.

Ukizilinganisha, tofauti hazimo katika picha za vifundo kwenye kioo, bali katika hesabu. Umeme hutiririka bila kukatika. Kompyuta hupima mawimbi kwa vituo, mara 44,100 au zaidi kwa sekunde. Sauti za juu zikipimwa hivyo bila uangalifu, huzaa mlio mgeni usiokuwamo katika ala ya asili. Kuuondoa mlio huo ndiko kulikoishughulisha Arturia mwanzoni. Mtihani wa pili ulikuwa chujio. Katika saketi, sauti itokayo hurejea mlangoni papo hapo. Katika programu nyingi za awali ilirejea ikiwa imechelewa hatua moja ya hesabu, na kifundo kikizungushwa hadi mwisho, udhaifu ulisikika. Diva ilikokotoa upya mzunguko mzima katika kila kituo, ikazielemea kompyuta za wakati wake. Ilichanganya viungo vya mashine kadhaa, ikaruhusu kila sauti ihitilafiane kidogo na mwenziwe. Monark ilijifunga kwa mashine moja tu, Minimoog, pamoja na ule unene utokanao na chujio kulemewa.

Hapo ndipo penye kinaya. Kadiri nakala zilivyoboreka, ndivyo wanakili walivyozidi kunakili kasoro. Usahihi mtupu kompyuta ilikuwa nao tangu mwanzo. Kilichogharimu miaka ya kazi ni ule utelezi na ule ukwaruzo.

Basi je, nakala imeihifadhi ala? Kisa cha ReBirth chatoa onyo. Programu hiyo ya kampuni ya Propellerhead ya Uswidi ilitoka mwaka 1997, ikiiga TB-303 na TR-808 za Roland ya Japani. TB-303 iliundwa tangu 1981 hadi 1984 tu. ReBirth nayo ilisitishwa mwaka 2005. Ile ya iPad iliyofuata mwaka 2010 iliondolewa mwaka 2017, Roland ilipodai haki zake. Leo fundi mwenye risasi na chuma cha kuchomelea aweza kuifufua TB-303 ya kale, ilhali ReBirth ya awali yahitaji kompyuta iliyokwisha kupitwa na wakati. Nakala imezeeka mbele ya asili yake.

Moog alifariki mwaka 2005. Minimoog yenyewe ikaundwa upya mwaka 2016. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa tenzi zao: zilizosalimika ni zile zilizoandikwa tena, karatasi ya kwanza ikiwa imekwisha kuliwa na mchwa. Kunakili mara moja hakutoshi. Nakala nayo yataka mnakili wake.